Polisi Waliponiuliza Amevaaje

Kwetu Tukuyu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hamtaji jina, hali naye, hazungumzi naye, na akisikia anakuja huacha njia akajibanza hata kwenye migomba mpaka mzee apite. Siku hizi wasichana wengi wamelegeza, wengine hupiga picha na baba wakwe zao wameshikana mabega, lakini mama yangu ni mtu wa zamani na mimi ni mtoto wa mama yangu. Nilipoolewa Ufipa nilikuja na desturi hiyo kama nilivyokuja na sufuria zangu, na sikuona kwa nini niiache njiani.

Wakwe zangu waliniona kituko. Baba mkwe mwenyewe, kwa wiki nzima ya mwanzo, aliamini kwamba nimemchukia. Alimwuliza mume wangu kama amenikosea nini, maana kila akitokea uani mimi nilikuwa nimeshatoweka na ufagio umebaki chini. Mume wangu alimweleza. Mzee alicheka mpaka akakaa kitako, kisha akafanya jambo ambalo lilinifanya nimpende bila kumwona: alianza kukohoa. Kila akikaribia nyumba yetu alikohoa mara mbili kutoka mbali, kikohozi cha kujitakia kabisa, kunipa nafasi ya kukimbia. Kama nimebeba ndoo ya maji kichwani alisimama na kunisubiri niitue. Salamu zangu zilimfikia kwa kinywa cha binti yangu, na zake zilirudi kwa njia hiyohiyo. Tuliishi hivyo miaka tisa, majirani wazuri tusiojuana sura, au ndivyo nilivyodhani.

Alikuwa na gobole. Huko kwenye kijiji chetu, pembeni mwa barabara inayoteremka kwenda Muze, nguruwe pori na nyani hula mahindi kuliko tunavyokula sisi, na wazee wachache wana vibali vya kumiliki bunduki hizo za kienyeji. Gobole si bunduki ya kuvuta na kupiga tu. Unamimina baruti mdomoni, unatia kitambaa, unatia vipande vya chuma, unashindilia kwa fimbo ya chuma kama mtu anayetwanga, na ukishamaliza hapo huwezi kubadili mawazo. Haitapiki. Njia ya kuitoa kilichomo ni moja tu, kuipiga.

Kwa hiyo wenye magobole wana adabu zao. Mtu haingii uani na gobole lililoshiba, na hamkabidhi mwenzake gobole lililoshiba, kwa sababu hujui mwenzako ataliegemeza wapi. Baba mkwe alikuwa mkali sana kwa hilo. Akirudi shamba jioni alisimama mwisho wa uzio, akapanua miguu, akainua mtutu juu, akageuza uso pembeni, akapiga. Mlio mmoja mkubwa, kuku wote mbio. Baada ya hapo ndipo alipokohoa mara mbili. Wageni walioshtuka niliwaambia ni mzee anabisha hodi.

Mimi nilikuwa na mgahawa barabarani, hapo penye maduka matano, ghala la mahindi na mashine ya kusaga. Nasema mgahawa kwa kujisifu. Ulikuwa chumba kimoja chenye meza tatu, dirisha lisilo na kioo na jiko la mkaa, lakini chapati zangu zilijulikana mpaka Chanji na sitaki mtu anibishie. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo Tunduma kesho Mpanda, na nilimwona mara nyingi zaidi kwenye simu kuliko mezani.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mwezi wa sita, ule wakati ambapo baridi ya Ufipa inaingia mpaka kwenye meno. Mwezi huo hutaona mwanamume asiyevaa koti. Makoti ya mitumba, marefu, ya kila nchi na kila jeshi, na kofia za sufu zilizovutwa mpaka kwenye nyusi. Saa nne asubuhi nilikuwa na wateja watatu: vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakibishana kuhusu mpira, na mama mmoja muuza samaki aliyepanda kutoka Muze na tenga lake, akinywa uji wa ulezi kwa kuupuliza.

Mlio wa kwanza sikuushangaa. Nilidhani ni baba mkwe. Nikajisemea tu kwamba leo mzee amerudi mapema, na miguu yangu ikaanza yenyewe kutafuta pa kujificha. Kisha ukaja wa pili, papo hapo, na wa tatu, na gobole haliwezi kufanya hivyo hata likiwa la mchawi. Yule mama muuza samaki aliweka bakuli chini polepole.

"Hiyo siyo ya nguruwe," alisema.

Nikachungulia dirishani. Mlinzi wa ghala la mahindi, ambaye tajiri wake alikuwa amemfukuza kazi jana yake, alisimama katikati ya barabara na bunduki ya kazini ambayo hakuirudisha. Alikuwa amekunywa gongo tangu alfajiri, hilo tulilijua baadaye. Alikuwa amepiga matairi ya lori la tajiri, na nilipochungulia ndipo alipogeuka na kupiga tangi la maji la duka la jirani. Maji yakaruka hewani. Nilimwona kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha nilikuwa chini ya meza na wateja wangu wote watatu, magoti ya bodaboda mmoja mbavuni kwangu na tenga la samaki usoni.

"Dada, una simu?" kijana aliuliza.

"Ninayo."

"Basi piga polisi. Ya kwangu iko kwenye pikipiki."

Nikapiga. Wakati huohuo nje mwanamke mmoja alipiga yowe, lile la kwelikweli linaloanzia tumboni, na mwingine akalipokea, na jingine likaitikia kutoka mashambani. Nilijua maana yake. Kijijini kwetu yowe likilia kila mwanamume anatoka na silaha aliyo nayo, na anayebaki ndani anatozwa faini na sungusungu na kutaniwa mwaka mzima. Hakuna anayeuliza kuna nini. Unachukua mkuki, panga, rungu, unakimbilia kwenye sauti.

Polisi aliyepokea simu alikuwa na sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Mama, tulia. Anayepiga risasi ni mmoja?"

"Mmoja."

"Ana silaha gani?"

"Bunduki ndefu."

"Amevaaje?"

Nikamjibu bila kusita. Nilisema amevaa koti refu la kijani lililokatika kifungo cha juu, kofia ya sufu rangi ya udongo, na buti za mpira, ya kushoto ina kiraka chekundu. Hata mimi nilijisikia vizuri kwa jinsi nilivyoeleza. Yule polisi alinipongeza, akasema laiti mashahidi wote wangekuwa na macho kama yangu.

"Sasa sikiliza, mama," akaongeza. "Tunakuja. Kaeni ndani. Na waambie wananchi wasitoke na silaha, maana tukifika hatutajua nani ni nani."

Nilichungulia tena. Wanaume kama arobaini walikuwa wameshajaa nyuma ya ghala na mikuki, mapanga, mashoka na mpini mmoja wa jembe. Ningeanza kumwambia nani?

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Risasi zilimwishia yule mlinzi. Alibonyeza, hakuna kitu, akabonyeza tena, kisha akakaa kitako barabarani kwenye matope ya tangi na kuanza kulia kwa sauti. Kamanda wa sungusungu alimnyang'anya bunduki, wakamfunga kamba, na kabla hatujatoka sote chini ya meza nikasikia ile sauti mbaya ya watu wanaoanza kukubaliana. Mmoja alisema apigwe. Mwingine alisema apigwe sana. Tairi lililotobolewa lilikuwa palepale, na mtu alitaja mafuta ya taa.

Ndipo nikasikia kikohozi mara mbili.

Niligeuza macho haraka nikatazama unga wangu. Sikuona alichofanya mzee, nilisikia tu. Alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba hapa hapigwi mtu. Alisema huyu ni mlevi aliyeharibu tangi, na tangi linanunuliwa. Akaamuru mlinzi aingizwe kwenye chumba cha mashine ya kusaga, mlango ukafungwa, naye akasimama mbele ya mlango huo na gobole lake, ambalo alikuwa amelishindilia baada ya kusikia yowe. Akawaambia vijana wote wavuke barabara wakakae upande wa pili wasubiri polisi. Walinung'unika wakavuka. Mzee wa miaka sabini na miwili, peke yake mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mimi nilijiona shujaa kwa kupiga simu, nikarudi kwenye kazi yangu. Watu waliotishika hula sana. Nikakanda unga mwingi, nikawa nawahudumia bodaboda ambao sasa walikuwa wanasimulia jinsi walivyonilinda. Mashine ya kusaga ilikuwa jirani yangu kabisa, hatua kumi, na dirisha langu lilitazama mlango wake, kwa hiyo nilikaa nimelipa mgongo kama desturi ilivyotaka. Mama wa samaki alikuwa anacheka na kujipepea kwa khanga.

Gari la polisi lilifika baada ya dakika arobaini hivi. Lilisimama kwa kishindo mbele ya mgahawa wangu, milango ikafunguka, wakaruka wanne na kujificha nyuma ya gari na nyuma ya rundo la matofali chini ya dirisha langu. Nilisikia mmoja wao akimwambia mwenzake kwa haraka.

"Yule pale mlangoni. Koti refu la kijani. Kofia ya udongo. Tazama buti, kiraka chekundu. Ndiye."

Mikono yangu ilisimama kwenye unga. Nikageuka. Nikamtazama baba mkwe wangu moja kwa moja kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na kila nilichokisema kwenye simu kilikuwa mwilini mwake. Yule mlinzi alikuwa amevaa sweta ya bluu. Nilikuwa nimemwona kwa sekunde moja na hofu ikaninyang'anya kila kitu, na nilipoulizwa kuhusu mwanamume mwenye bunduki nikaeleza mwanamume pekee mwenye bunduki niliyemjua. Nilikuwa nimewaleta polisi kutoka Sumbawanga mjini kuja kumwua babu wa binti yangu.

"Weka silaha chini!" mkuu wao alipiga kelele. "Wewe mzee, weka silaha chini sasa hivi!"

Wanaume arobaini upande wa pili wa barabara walianza kusema wote kwa mpigo kwamba siye huyo, kwa Kiswahili na Kifipa, wakiwa wameinua mikuki. Hakuna neno hata moja lililosikika. Polisi wawili waligeuza bunduki zao kuwaelekea hao.

Mzee hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ameambiwa na serikali atoe bunduki, na alikuwa tayari kuitoa. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Niliona midomo yake ikisema, "Sawa wanangu, subirini niitoe kwanza," kwa sauti ambayo isingemfikia hata kuku, na akasogea hatua mbili kutoka mlangoni hadi mahali pa wazi. Akapanua miguu.

Nilijua anachotaka kufanya kabla hajafanya. Alikuwa anataka kuwa na adabu. Wageni wameomba gobole, na gobole limeshiba, na mtu mwenye malezi hawezi kumpa mgeni kitu cha namna hiyo, achilia mbali askari wa serikali. Angelipiga juu mara moja, kisha angewakabidhi kwa mikono miwili. Polisi walichokiona ni mtu waliyeelezwa, aliyekataa amri, anainua bunduki.

Sikumbuki kutoka mlangoni. Nakumbuka mtutu ukipanda, nakumbuka akianza kugeuza uso pembeni, na nakumbuka nimeshamshika. Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili kiunoni, na unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani.

"Baba, usipige. Baba, usipige."

Akakakamaa. "Nani huyo?"

"Mimi. Mkwe wako."

Bunduki mbili zilikuwa zinamtazama, na mzee yule, nasema kweli tupu, alianza kuniona haya.

"Mkwe," alininong'oneza, "niachie, watu wanatuona. Mama yako atasema nini?"

"Sikuachii."

"Nakohoa hapa toka asubuhi, hukusikia?"

"Baba, wanadhani ni wewe. Ukiipiga hiyo watakuua."

"Lakini imeshiba," alisema, kama mtu anayemweleza mtoto.

Mkuu wa polisi alikuwa amesimama sasa, bado nyuma ya gari. "Mama, toka hapo! Toka!"

"Sitoki," nikajibu, na sauti yangu ilikuwa ile ninayotumia kwa wanaokula bila kulipa. "Mnayemtaka yuko ndani ya mashine, amefungwa kamba. Mimi ndiye niliyewapigia simu na niliwaeleza vibaya. Huyu ni baba mkwe wangu na sitamwachia mpaka mshushe bunduki zenu."

Sijui ni kipi kilichowaingia. Baadaye mkuu yule aliniambia kwamba katika kazi yake amewaona watu wakimkimbia mwenye bunduki, wengine wakimrukia, lakini hajawahi kuona mwenye bunduki anayemwogopa mwanamke aliyemshika kuliko polisi. Alisema mzee alikuwa amefumba macho kwa aibu.

"Basi iwekeni chini," alisema. "Polepole."

"Ikianguka italia," nikamjibu.

"Basi isianguke."

Tukainama pamoja. Nilikuwa nimemshika kiunoni bado, na sikuwa na nia ya kuachia, kwa hiyo ilibidi tushuke wote wawili, magoti yakilia, mpaka gobole likalala chini taratibu. Kutoka upande wa pili wa barabara mtu mmoja alicheka. Kisha wakacheka wote, mikuki ikashuka, na nikasikia polisi wa nyuma ya matofali akipumua.

Mlinzi alitolewa kwenye mashine akiwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani, pombe imemtoka. Alipopita mbele ya mzee alisema, "Ahsante, baba," na mzee akamwambia akaoge. Hapo ndipo likaja suala la gobole. Polisi wanne walilizunguka, wakalitazama, na hakuna hata mmoja aliyejua namna ya kulitoa kilichomo. Mwishowe mkuu wao akamwomba mzee, kwa unyenyekevu kabisa, alipige kwenye kichuguu nyuma ya mashine. Watu wote wakarudi nyuma na kuziba masikio. Mzee akalenga, akavuta.

Likalia kama ulimi unaogonga kaakaa. Akavuta tena. Hakuna kitu. Baruti ilikuwa imepata unyevu wa baridi ya mwezi wa sita.

Watu waligaagaa chini kwa kicheko. Bodaboda mmoja alilia machozi, mama wa samaki alinishikilia asianguke. Mimi nilikwenda nyuma ya mgahawa nikatapika. Nilikuwa nimeelewa kwamba lile gobole lisingemdhuru hata nzi siku hiyo, na kwamba polisi wasingesubiri kulijua hilo.

Mkuu yule alikaa kwenye meza yangu akanywa chai mbili. Alikuwa na mafua, na nilimpa tangawizi bila kumtoza. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba mtu akiwa anakuja mahali penye risasi hana kingine mkononi zaidi ya maneno aliyopewa kwenye simu na anachokiona kwa sekunde tatu za kwanza, na kwamba watu wenye nia njema na silaha mkononi wanamchanganya kuliko mhalifu mwenyewe. Alisema kidole chake kilikuwa tayari.

"Ila mama," akauliza, akipangusa pua, "yule mlinzi amevaa sweta ya bluu. Lile koti la kijani na kile kiraka uliviona wapi?"

Nilimwongezea chai mpaka ikamwagika kwenye sahani.

Jioni nikampigia mama Tukuyu. Nilitaka kusikia kutoka kwake mwenyewe kwamba nimeharibu.

"Ulimshika wapi?" aliuliza baada ya kunisikiliza mpaka mwisho.

"Kiunoni."

"Mkono mmoja?"

"Miwili, mama."

"Na angekufa," alisema, "ungemlilia ukiwa umejificha wapi?" Kisha akaanza kuniuliza bei ya maharage, na jambo hilo hakuligusa tena.

Siku tatu baba mkwe hakuonekana barabarani. Binti yangu alisema babu yuko nyumbani, anakausha baruti juani na kujisemesha. Mimi sikulala vizuri siku hizo. Kila nikifumba macho niliona mtutu ukipanda, na nilisikia ile sauti yangu ya kujivuna kwenye simu ikihesabu nguo zake moja baada ya nyingine. Watu walidhani nilikosea neno moja tu kwenye simu; kwamba nilimweleza mzee kifungo kwa kifungo, tulijua mimi na yule mkuu wa polisi. Kijiji kizima kilinisifu. Wanawake waliniletea mahindi mabichi na kuniita mama jasiri, na kila sifa ilinichoma.

Siku ya nne asubuhi nikasikia kikohozi mara mbili nje ya mgahawa. Miguu ilitaka kukimbilia jikoni kwa mazoea. Nikaizuia. Mzee aliingia, kofia mkononi, akasimama hapo hajui aangalie wapi, na mimi sikujua pia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe." Akakaa kwenye meza ya karibu na mlango, kama mtu anayejiwekea njia ya kutoka. "Nasikia una chapati."

Nikamletea mbili na chai ya maziwa. Alikula nusu.

"Niliogopa baadaye," alisema. "Siku ile sikuogopa. Usiku ndio nikaogopa. Nimekuja kukushukuru."

Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, na kitambaa cha meza mkononi. Kwamba polisi hawakumkosea, walikuja kumtafuta yeye, kwa sababu mtu aliyeelezwa kwenye simu alikuwa yeye. Kwamba aliyemweleza ni mimi.

"Uliwaambia nini hasa?" aliuliza.

Nikamrudia neno kwa neno, kuanzia kofia hadi viatu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilipomaliza alikuwa ameacha kutafuna. Alitazama chini, akajitazama miguu, akagusa koti mahali pa kile kifungo kisichokuwepo, na nikasubiri anifukuze katika ukoo wake.

"Miaka tisa," alisema. "Nilidhani mkwe wangu hajawahi kuniona."

Akavuta kiti cha pembeni yake, akakipangusa kwa kofia, akaniambia nikae.